Maua Nyuma ya Uzio wa Clara

Prudensia alikwenda Marekani kwa miezi sita. Ndivyo alivyowaambia watu wa kwao Kamachumu siku aliyowaaga, naye mwenyewe aliamini hivyo. Binti yake Clara alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Texas, na mama kwenda kumkanda mzazi, kumpikia uji na kumwogeshea kichanga ni jambo ambalo hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa. Alimkabidhi dada yake Flaviana funguo za nyumba, akaifunika cherehani yake kwa shuka kuukuu, na mama mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha sare za shule akamwambia avumilie, angemshonea akirudi.

Kichanga kile, Fiona, sasa kilikuwa darasa la kwanza. Kilijua Kiswahili cha kusikia tu, na kila bibi alipokisemesha kilimjibu kwa Kiingereza.

Si kwamba kuna mtu aliyemkatalia Prudensia kurudi. Kila mwaka safari ilipangwa, na kila mwaka jambo likazuka. Kwanza Clara alikuwa na mtihani wa kupata leseni ya ufamasia, na asingeweza kusoma huku analea. Kisha akamwombea mama yake grin kadi, kibali cha kuishi Marekani, ili awe huru kwenda na kurudi apendavyo, na ilipokwisha kutoka wakagundua kwamba kadi yenyewe nayo ina wivu: ukikaa nje muda mrefu, inakuacha. Halafu akazaliwa Joyceline. Halafu mume wa Clara, Isack, akapoteza kazi Houston, akapata nyingine Fort Worth katika ofisi ya kampuni moja ya maghala, mwendo wa nusu siku kwa gari. Akawa anaondoka Jumapili mchana na kurudi Ijumaa jioni. Nani angeuliza habari za safari wakati ule? Prudensia aliyatia maneno yake kapuni, akaendelea kumenya viazi.

Nyumba ilikuwa Katy, magharibi ya Houston, katika mtaa mpya wenye nyumba zilizofanana mno kiasi kwamba mwanzoni Prudensia alifunga utambaa mwekundu kwenye sanduku la barua asije akaingia kwa watu. Ilikuwa nyumba nzuri, hilo hakulikana. Ilikuwa na baridi ya mashine kiangazi chote na maji ya moto yasiyokwisha. Lakini ukitoka mlangoni ukafuata njia ya miguu, njia ile ilikuzungusha taratibu na kukurudisha mlangoni pako. Duka la karibu lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na barabara ile haikuwa na mahali pa mtu kuvuka kwa miguu. Isack aliwahi kumfundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa. Alipanda ukingo wa saruji, akaangusha kibao, akashuka akisema yatosha. Clara alicheka siku ile. Prudensia hakucheka, kwani alijua kwamba njia ya kutoka peke yake ndiyo imefungwa.

Na nyumba ilikuwa ikisema. Ukifungua mlango wa mbele, sauti ya mwanamke wa Kizungu ilitangaza kutoka ukutani kwamba mlango wa mbele umefunguliwa. Ukifungua wa nyuma, alitangaza wa nyuma. Habari hizo hizo zilikwenda hadi kwenye simu ya Clara, katikati ya Houston, katika hospitali alikofanya kazi. Haikupita muda simu ya Prudensia ikalia. "Mama, kuna nini? Unatoka?" Ilikuwa ni wasiwasi wa mtoto kwa mama yake, Prudensia alielewa. Hata hivyo akaanza kuogopa kufungua mlango, kama binti wa bweni.

Kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa nyuma ya uzio. Pale, baada ya nyumba za mwisho, kulikuwa na bonde pana lililochimbwa ili mvua kubwa zikija maji yapate pa kwenda badala ya kuingia majumbani. Siku nyingi lilikuwa kavu. Miaka kadhaa nyuma chama cha wenye nyumba kililipanda nyasi za asili ya nchi ile, zile zilizokuwapo kabla ya barabara na kabla ya mashamba ya mpunga ya zamani. Sasa zilikuwa zimeshika ardhi sawasawa, nyingine zikifika kifuani. Mara ya kwanza Prudensia kuzitazama kutoka dirisha la ghorofani, zikiinama na kuinuka kwa upepo, alisema peke yake, "Rweya." Kwao, rweya ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya migomba, isiyo na mwenyewe, ambako wanawake hulima njugu mawe na kukata nyasi za kutandaza shambani na ndani ya nyumba. Alikulia humo. Tangu siku ile akawa anampandisha Joyceline kwenye kigari chake, anafungua lango dogo la uzio, na kutembea kandokando ya nyasi hadi jua linapokuwa kali.

Ndiko alikomkuta Cheruiyot.

Alikuwa Mkenya wa Kericho, mtu wa makamo, mrefu, mwenye kofia pana, na kampuni aliyofanyia kazi ndiyo iliyotunza bonde lile. Siku hiyo Joyceline alikuwa ametupa kiatu, na Prudensia akawa anamgombeza kwa Kiswahili. Sauti ikatoka ndani ya nyasi: "Habari ya asubuhi, mama. Hicho kiatu kiko huku kwangu." Prudensia alisimama akishika kifua. Kisha wote wawili wakacheka, na kicheko kilimshinda Prudensia kukizuia, maana hakukumbuka mara ya mwisho kusalimiwa na mtu asiye wa nyumbani mwake katika siku ya kazi.

Cheruiyot alimweleza shida yake. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba bonde limekuwa pori, wanataka lifyekwe lipandwe majani mafupi kama ya uwanja wa mpira. Chama kikakata shauri kujaribu kwanza kuongeza maua ya porini humo humo ndani ya nyasi. Kumwaga mbegu juu ya nyasi hizo kusingesaidia kitu, alisema. Nyasi zimekomaa, mizizi imefungamana, na majani makavu ya miaka yamelala chini kama godoro. Mbegu itabaki juu ya godoro hadi ndege waile, na ikibahatika kuota itakosa jua. Ilibidi wakate mapande kwa mapande hadi karibu na ardhi, wakwangue lile godoro mpaka udongo uonekane, ndipo wapande. Tena wapande wakati wa kuelekea baridi, ili mbegu zilale na mvua za majira hayo.

"Nani atakusaidia kukwangua?" Prudensia aliuliza.

"Ni mimi na reki yangu tu, mama."

"Kesho lete mbili."

Clara alipoambiwa hakupinga. Alisema ni mazoezi mazuri kwa mwili, ila asimwache mtoto na asiache simu. Basi vuli ile Prudensia akawa na kazi yake mwenyewe. Cheruiyot alitangulia na mashine akikata, naye akafuata akikwangua, na udongo mweusi wa mfinyanzi ukijitokeza chini ya meno ya reki ulimpa furaha ambayo asingeweza kumweleza mtu. Joyceline alikaa kwenye kigari akila vipande vya tufaha. Mbegu nyingine, zile za maua ya buluu ambayo watu wa Texas huyapenda kuliko yote na kuyaita bluboneti, zilikuwa na ganda gumu kama changarawe. Prudensia alizichukua nyumbani, akazisugua kwa msasa mezani huku akitazama tamthilia, mpaka zikapoteza mng'ao. Jioni mgongo ulimuuma. Alilala kama mtu aliyekufa, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuchungulia hali ya hewa.

Walipanda mwezi wa Novemba. Cheruiyot alizichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zienee sawa, akamgawia Prudensia mfuko wake, akamwonyesha: unatupa kwa mkono, halafu unakanyaga, huzifukii, maana nyingine ni ndogo mno, zikizikwa haziamki tena. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na katikati ya bonde, chini kabisa, maji yalikuwa yamesimama. Joyceline hakutaka kukaa kwenye kigari. Alikuwa na miaka mitatu na amechoka kufungwa mikanda. Bibi yake akamfungua, akamwambia akanyage naye, na mtoto akafanya hivyo kwa furaha kubwa, akirukaruka nyuma ya bibi na kupiga kelele.

Prudensia alitupa na kukanyaga. Alikuwa anaimba kidogo kidogo. Alifika mwisho wa pande, akageuka, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Aliita. Nyasi zilizokuwa hazijakatwa zilisimama pande zote, ndefu kumpita mtoto, zote zikitikisika kwa upepo, hivyo usingeweza kujua ni wapi anapita mtu na ni wapi unapita upepo. Aliita tena kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Mfuko wa mbegu ulimponyoka. Aliingia kwenye nyasi kwa magoti na mikono, akizitenganisha, na kichwani mwake hamkuwa na kingine ila yale maji ya chini. Cheruiyot alikuja mbio, akaenda moja kwa moja majini. Ndiye aliyempata. Joyceline alikuwa ameketi kwenye mdomo wa bomba la saruji, miguu ndani ya maji, akinyonyoa manyoya ya nyasi na kuyapuliza.

Simu ilikuwa kwenye kigari. Clara alikuwa amepata ile habari ya mlango wa nyuma kufunguliwa, akapiga kusalimia tu, haikupokewa. Akapiga tena na tena. Baadaye alisema hakumbuki alivyoaga kazini. Alitokea pale langoni akiwa bado na koti jeupe, akamkuta mama yake amejaa matope hadi mapajani, ushungi umedondoka, amemkumbatia mtoto aliyelowa. Alimchukua mtoto. Cheruiyot alianza kueleza, akajitwika lawama, na Clara akamwambia kwa adabu, "Asante kaka. Tutaendelea wenyewe."

Waliingia jikoni. Clara alimvua mtoto viatu, akamfuta miguu kidole kwa kidole. Ndipo akasema bila kuinua macho, "Mama, nilikuachia mtoto mmoja tu."

Ilikuwa kweli.

Jumamosi Isack alitia kufuli la namba kwenye lango la uzio. Alilifunga bila kumtazama mama mkwe wake, akikohoakohoa, na alipomaliza akauliza kama kuna kahawa. Hakuna aliyesema namba ni ipi. Prudensia naye hakuuliza. Alijiambia kwamba watamwambia hasira zikipoa. Hasira zilipoa, Clara akarudia kumbusu asubuhi na kumletea samaki wabichi kutoka soko la Wavietnamu, lakini habari ya namba haikutajwa, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kuitaja.

Baridi ile ilikuwa ndefu. Clara alitoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, saa nzima na zaidi ya foleni kwenda na vivyo hivyo kurudi. Fiona alipanda basi la shule. Zilibaki sauti za mashine ya kufulia, katuni za Joyceline na yule mwanamke wa ukutani. Prudensia alipopata nafasi alipanda chumbani kwa Fiona na kusimama dirishani. Kutoka pale mapande waliyoyakata yalionekana kama viraka kwenye blanketi, meusi kwanza, kisha yakaanza kuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Kama ni maua au ni magugu, au ni nyasi zenyewe zinarudi, kwa umbali ule asingeweza kujua. Hilo lilimtesa kuliko alivyotarajia. Alikuwa amepanda kitu na hakuruhusiwa kwenda kukitazama.

Mwezi wa Januari Flaviana alianguka kwenye ngazi za kanisa, akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, akarudishwa nyumbani kulala. Hakuwa amezaa, na mwenzi wake alikuwa ametangulia. Alipoweza kushika simu alizungumza kwa sauti nyembamba, akiuliza habari za kila mtu, Fiona, Joyceline, hata mashine ya baridi kama imetengenezwa. Mwishoni akasema, "Mdogo wangu, mimi sasa naogeshwa na watoto wa watu." Hakusema njoo.

Prudensia alimweleza Clara jioni ile. Clara alisikitika kwa dhati, machozi yalimlenga. Alisema atatuma cha kumlipa mtu wa kumhudumia mama mkubwa, tena mtu mzuri. Na kuhusu safari, alisema wavumilie kidogo tu, Agosti Joyceline ataanza shule ya awali, mambo yatakuwa mepesi. Prudensia akaitikia. Aliitikia kwa mazoea, kama mtu anavyosema amina.

Machi ikaingia na joto lake. Asubuhi moja alikuwa anaanika nguo za watoto uani, jambo ambalo chama cha wenye nyumba hakikulipenda, aliposikia mashine ng'ambo ya uzio. Mashine ikazimwa.

"Mama? Ni wewe?"

Kati ya mbao mbili palikuwa na upenyo wa kidole. Aliinama, akaona kofia pana. Cheruiyot alikuwa na habari. Alikuwa anapitisha mashine juu juu, kimo cha kifundo cha mguu, kupunguza nyasi zinazochipua upya ili zisiyazibie maua machanga jua. Mapande mengine nyasi zilikuwa zimeshinda na kujifunga tena. Lakini lile la chini, ambalo mama alilikwangua sana, lilikuwa limejaa miche. Aliitambua kwa majani yake, mengine kama viganja vya mtoto. Alisema haya yote haraka haraka, kama mtu aliyeyaweka muda mrefu.

"Fungua lango uje uone, mama. Ni hatua tu."

Prudensia alibaki ameinama. Alitazama kufuli, akatazama nguo za watoto. "Sina namba," alisema.

Cheruiyot hakuuliza kwa nini. Prudensia alitamani angeuliza, angalau apate kudanganya. "Sawa, mama," Cheruiyot alisema hatimaye, kwa upole mno. "Basi acha niendelee." Mashine ikawaka tena, ikaenda mbali, na Prudensia akasimama pale uani uso ukimwaka. Alikuwa amezika mume. Alikuwa amesomesha mtoto kwa cherehani ya miguu hadi akavuka bahari. Sasa alikuwa amemwambia mwanaume wa watu, kupitia ufa wa ubao, kwamba hana namba ya lango.

Jioni Clara alirudi, akapakua chakula na kuanza kula akiwa amesimama, kama kawaida yake. Watoto walikuwa sebuleni. Prudensia alifuta meza, akatundika kitambaa, akakaa.

"Clara, lile kufuli la langoni ni la nani?"

Clara aliacha kutafuna. "Ni usalama wa Joyceline, mama. Unajua."

"Joyceline hafikii komeo. Anayelifikia ni mimi."

Clara akasema kwamba haikuwa nia yao, kwamba angeuliza tu angeambiwa. Prudensia alimwacha amalize.

"Mimi sikukuzaa nije nikuombe ruhusa ya kutoka nje," alisema. Hakupaza sauti. "Siku ile nilikosa, na kosa langu nitakufa nalo. Lakini nataka kwenda kwetu. Si Agosti. Sasa."

Clara aliweka sahani. Prudensia alitarajia sababu, zile za kila mwaka, naye alikuwa amejiandaa kuzijibu moja moja. Badala yake binti yake aliteleza taratibu akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na koti lake jeupe, akajifunika uso. Alisema kwamba akiwa kwenye foleni ya barabara kuu hulia, asubuhi nyingine kuanzia Katy hadi kazini, halafu hujipaka poda ndani ya gari. Kwamba Isack akiwa Fort Worth huogopa nyumba hii. Kwamba akiacha kazi nyumba itakwenda, na akibaki nayo watoto hawamjui, Joyceline akiumia humkimbilia bibi. "Unafikiri ni wewe tu uliyefungwa humu, mama? Ukiondoka, mimi nitaanguka. Ndiyo maana nakwambia Agosti. Kila mwaka nakwambia Agosti, na kila mwaka najua nadanganya."

Prudensia alimtazama. Moyo ulimvuta kuyameza maneno yake, kama alivyokuwa ameyameza yote tangu Fiona akiwa kichanga. Aliinuka, akaichukua sahani, akapasha chakula moto, akakiweka sakafuni mbele ya mwanawe, naye akashuka kwa taabu akaketi karibu.

"Kula," alisema. "Halafu tutafute tarehe."

Wiki iliyofuata haikuwa ya maneno mengi. Isack aliposikia hakubishana. Alisema kwa aibu kwamba lile kufuli hakulipenda tangu mwanzo, akachukua bisibisi akaling'oa. Akazungumza na wakubwa wake, wakamruhusu siku mbili za juma afanyie kazi nyumbani. Kwa siku zilizobaki, walimpata Clothilde, mama Mkongo waliyesali naye, ambaye tayari alikuwa analea wajukuu wake na alisema mtoto mmoja zaidi hamwongezei usingizi wala hampunguzii. Clara alinunua tiketi. Alimwonyesha mama yake kwenye simu, akipitisha kidole. Zilikuwako tarehe mbili, ya kwenda na ya kurudi, na ya kurudi ilikuwa Agosti.

"Mimi sikusema nitarudi," Prudensia alisema.

"Kadi, mama. Usipoteze kadi." Clara hakumtazama machoni. Prudensia hakuligusa tena jambo hilo. Alikuwa amechoka, na tarehe ya kwanza ilitosha kwa wakati ule.

Jumapili moja ya Aprili, baada ya misa, walikwenda bondeni wote: Clara, watoto, naye Prudensia mbele. Maua hayakuwa kama alivyoyaota usingizini. Sehemu kubwa ilikuwa bado nyasi tupu, na wapita njia wangeweza kuapa kwamba hakuna kilichofanyika. Lakini katika pande la chini bluboneti zilikuwa zimesimama, fupi, za buluu iliyokolea, na kati yake maua mekundu yenye pindo la manjano, machache, yakitikiswa na nyuki. Cheruiyot alikuwa amewahi kumwambia kwamba hayo ni yale ya haraka. Mengine mwaka wa kwanza hujenga mizizi tu, huonekana mwaka wa pili au wa tatu, na wenye mtaa wakikosa subira shauri yao.

Mwisho wa pande palikuwa na kitu cha ajabu. Maua yalikuwa yamerundikana mahali pamoja, hayazidi upana wa sinia, yamebanana, yakisukumana, mengine yamepinda kutafuta nafasi. Clara aliinama kuyatazama. "Mbona haya yako hivi?"

"Hapo ndipo mfuko uliponiponyoka," Prudensia alisema. "Siku ile."

Clara alibaki ameinama muda mrefu. Joyceline alikuwa anamvuta mkono mama yake, akitaka kuchuma, na Fiona akimkataza kwa Kiingereza. Clara alimshika Joyceline, akampakata. Waliporudi alitembea ubavuni mwa mama yake, na kwenye mteremko akamshika kiwiko.

Prudensia alifika Kamachumu mwezi wa Mei, mvua zikiwa zinaishia. Flaviana alikuwa amekonda, lakini akili yake ilikuwa timamu na ulimi wake vilevile. Mdogo wake alimwogesha, akambadilisha, akamkanda mguu kwa mafuta, akamtoa nje asubuhi apate jua. Siku za kwanza Prudensia alitembea kila mahali kwa miguu, bila shughuli, kwa sababu tu inawezekana. Akaenda sokoni mara mbili kwa siku moja. Akasalimiwa mpaka mdomo ukachoka. Usiku alilala mlango ukiwa umefungwa kwa komeo la mti, na hakuna aliyetangaza chochote.

Kisha, bila kutaka, akaanza kuhesabu saa za kule. Akila chakula cha mchana alijua Fiona ndiyo anaamka, na Clara yuko barabarani. Alijiuliza kama Clothilde anajua kwamba Joyceline hali yai lenye kiini kibichi. Simu ikilia aliiacha sufuria ikaungua. Katika picha ya simu Clara alionekana amekonda pia, ila alikuwa anacheka, na nyuma yake nyumba ilikuwa vurugu tupu. Prudensia alikata simu akiwa na nafuu, na nafuu ile ikamuumiza, maana walikuwa wameweza bila yeye.

Mchana mmoja wa Julai walikuwa wameketi uani, Prudensia akimenya ndizi za jioni na Flaviana akizipokea na kuzitia majini, kazi aliyoweza kuifanya akiwa amekaa. Jirani mmoja alipita, akauliza mgeni anaondoka lini. Prudensia akajibu kabla hajafikiri kwamba ni Agosti, katikati.

Jirani alipokwisha kwenda, Flaviana aliendelea kushika ndizi moja bila kuitia majini.

"Uliniambia kwenye simu unarudi nyumbani," alisema. "Hukuniambia unakuja kutembea."

Kama Prudensia angesema ni kadi, ingekuwa kweli. Kama angesema ni watoto, ingekuwa kweli pia. Kama angesema hataki kwenda, hilo nalo lingekuwa kweli, na kama angesema hataki kubaki, hapo hakujua kama ni kweli. Aliichukua ile ndizi mkononi mwa dada yake, akaitia majini mwenyewe. Utomvu ulikuwa umemganda vidoleni.

"Nikuongezee mto mgongoni?" aliuliza.

"Ongeza," Flaviana alisema, na Prudensia akaingia ndani kuutafuta.